KWA NINI FUNZA HULA SHAMBA HILI NA KULIACHA LILE

Mkulima, yamkini umewahi kuliona jambo hili. Mashamba mawili ya mahindi yamepakana, na mpaka wake ni mstari wa minyaa tu. Mbegu ilinunuliwa katika duka moja. Mvua iliyonyesha huku ndiyo iliyonyesha kule. Lakini katika shamba moja mihindi imesimama vizuri, na katika shamba la pili majani yana matundu yaliyopangana kama yametobolewa kwa sindano, mioyo imekauka, na mabua huvunjika upepo ukivuma kidogo tu. Mwenye shamba lile la pili husema nini? Mara nyingi husema ni bahati mbaya, au humtazama jirani yake kwa shaka. Wako watu walioacha kusalimiana kwa sababu ya funza.

Si bahati, wala si jirani. Mdudu hali mmea kwa sababu tu yeye ana njaa na mmea upo. Kati ya kinywa chake na mmea yako mambo mengi: mvua, joto, umri wa mmea, rutuba ya udongo, mimea mingine iliyo karibu, na wadudu wengine wanaomtafuta yeye ili wamle. Mkulima anayeyajua mambo hayo anaweza kuyageuza mengi yamfae, tena bila ya kununua dawa.

Katika karatasi hii tutamweleza mdudu mmoja tu ili maneno yasitawanyike. Huyu ni funza wa mabua ya mahindi na mtama, ambaye wengine humwita kipekecha bua au bungua. Hapa Afrika ya Mashariki wako wa aina kadha, lakini wawili ndio wanaotuletea hasara kubwa. Wa kwanza ni wa asili ya Afrika, na jina lake la kitaalamu ni Busseola fusca. Anapenda nchi za juu zenye ubaridi kidogo. Wa pili ni Chilo partellus, aliyetoka Asia. Mara ya kwanza alionekana Afrika katika nchi ya Malawi mwaka 1930, kisha akafika Kenya na Tanganyika katika miaka ya 1950. Huyu anapenda joto la pwani na nchi za chini, lakini amekuwa akipanda kidogo kidogo kuelekea juu. Kwa hiyo mwenye shamba katika nchi za kati huweza kuwapata wote wawili katika bua moja.

ANAYECHAGUA NI MAMA

Watu wengi humlaumu funza, lakini funza hakuchagua kuwa pale. Aliyechagua ni mama yake, yaani nondo wa rangi ya kahawia ambaye mchana hujificha na usiku huruka. Nondo huyu hali majani ya mahindi hata kidogo. Kazi yake ni kutafuta mahali pa kutaga, na hutafuta kwa harufu, kisha kwa kugusa mmea kwa miguu na kwa ncha ya mkia wake.

Nondo wa Busseola hutaga mahali jani linapolizunguka bua kama ala inavyozunguka kisu. Huyasukuma mayai humo ndani, na ukilifungua jani utayaona yamepangwa kwa mistari. Nondo wa Chilo hutaga juu ya jani lenyewe, na mayai yake yamelaliana kama magamba ya samaki. Baada ya wiki moja hivi mayai huanguliwa. Vifunza, ambao ni wadogo kama uzi, hupanda mpaka katika moyo wa mhindi, nao hula yale majani machanga yaliyojikunja. Jani likija kukunjuka, tundu moja huonekana kama matundu mengi yaliyopangana. Hiyo ndiyo ile alama ya sindano tuliyoitaja.

Baada ya wiki moja au mbili wanakuwa na nguvu ya kuingia ndani ya bua. Tafadhali lishike neno hili: funza akiisha kuingia ndani ya bua, dawa ya kunyunyiza haimfikii tena. Mkulima anayenyunyiza anapoona mioyo imekauka anatupa fedha yake.

MVUA, JUA NA MABUA YALIYOBAKI

Wakati wa kiangazi hakuna mahindi mabichi. Je, funza huenda wapi? Wakulima wengi hudhani wanakufa, au wanakwenda porini. Sisi wa kilimo tulidhani hivyo kwa muda mrefu, na tuliwaambia watu wafyeke nyasi zote zinazozunguka shamba. Lakini wataalamu walipopasua nyasi za mwitu kwa maelfu katika nchi zetu, walimkuta Busseola humo mara chache sana, isipokuwa katika mtama mwitu na jamaa zake. Kazi kubwa ya kufyeka nyasi nyingine ilikuwa ni kazi ya bure kwa upande wa mdudu huyu.

Mahali anapojificha ni karibu zaidi. Yumo katika mabua makavu ya mavuno yaliyopita, yale uliyoyaacha yamesimama shambani au uliyoyaegemeza ukutani yawe kuni na uzio. Msimu ukiisha, funza mkubwa hushuka chini ya bua na kulala usingizi mrefu. Hali, hakui, wala hageuki kuwa nondo. Anaweza kukaa hivyo miezi sita na zaidi. Mvua mpya ikinyesha na bua likilowa, maji yale humwamsha. Hugeuka bundo, na baada ya siku 10 hadi 14 hutoka akiwa nondo, wakati uleule ambapo mahindi yako yanachipua. Hana saa wala kalenda, bali mvua iliyokutoa wewe na jembe lako ndiyo iliyomwamsha na yeye.

Basi dawa ya kwanza ni kuyashughulikia mabua kabla ya mvua. Tunajua kwamba mabua ni mali: hujengea, hupikia, na ng'ombe huyala. Hatusemi uyateketeze yote, nasi hatupendi udongo ukose majani ya kuufunika. Fanya hivi. Ukiisha kuvuna, kata mabua na uyalaze chini juani, yakiwa yametandazwa wala hayakurundikwa, kwa muda wa wiki nne. Joto la jua juu ya bua lililolala ni kali kuliko juu ya bua lililosimama, na funza walio wengi hufa humo ndani. Baadaye waweza kuyachukua kwa kazi yako. Katika nchi nyingine wakulima hufanya namna ya pili: mara baada ya kuvuna, majani yakiwa yamekauka na bua likiwa bado bichi kidogo, hupitisha moto mwepesi. Majani huungua, funza hufa kwa joto, na bua hubaki zima la kujengea. Namna hii yataka watu wengi na siku isiyo na upepo. Kama huna hakika ya moto, tumia jua.

Mabua utakayolisha ng'ombe, yakatekate vipande vidogo. Usiyaache yamesimama ili ng'ombe wachague majani na kuacha bua, kwa maana funza yumo katika bua.

UMRI WA MMEA

Nondo hapendi mhindi wa umri wowote. Mchanga sana hauna ala ya kutosha ya kuficha mayai. Uliokwisha kutoa mbelewele ni mgumu, na majani yake yameachana na bua. Anaoutaka ni ule wa wiki tatu hadi sita hivi. Hapa ndipo lilipo jibu la mashamba yale mawili.

Tuhesabu pamoja. Mvua huanza, na nondo wa kwanza hutoka katika mabua. Si wengi, kwa sababu jua la kiangazi limewapunguza. Hutaga katika mihindi iliyopandwa mapema. Yai wiki moja, funza wiki nne au tano, bundo wiki mbili: kwa muda wa miezi miwili hivi kizazi cha pili cha nondo kiko tayari, na hicho ni kikubwa kuliko cha kwanza mara nyingi. Sasa wanatafuta mhindi mchanga. Shamba lililopandwa mapema limekwisha kubeba mahindi, nalo huumwa kidogo katika magunzi tu. Lakini shamba la yule aliyechelewa kwa mwezi mmoja au zaidi limo katika umri uleule unaopendwa, na nondo wote wa mtaa huo huliendea.

Kwa hiyo waambieni watu wa kitongoji chenu mpande kwa wakati mmoja, ndani ya siku chache, mvua ya kwanza inapotosheleza. Shamba moja lililopandwa mapema ni chungu cha kupikia nondo wa shamba lililochelewa. Hili si kosa la jirani, na ndiyo maana tulisema hapo mwanzo mtu asiache kumsalimu mwenziwe. Tunajua pia ya kwamba mara nyingi anayechelewa ni yule asiye na ng'ombe wa kulimia au aliyekuwa akilima kwa mtu apate posho. Mjane mwenye watoto wadogo hupanda wa mwisho, na funza humla yeye kuliko wote. Kitongoji kinachosaidiana kulima kwa zamu kinapunguza funza kuliko kitongoji chenye bomba la dawa kila nyumba.

RUTUBA YA UDONGO

Jambo hili huwashangaza watu, nasi hatutalificha. Mhindi uliotiwa samadi nzuri au mbolea yenye naitrojeni ni laini na wenye chakula kingi, na funza aliyemo hunenepa upesi kuliko aliye katika mhindi uliodhoofika. Je, basi tuache samadi? La, hasha. Mmea wenye afya hukua kwa haraka kuliko funza anavyokula. Ukitobolewa, hupona na kubeba gunzi. Mmea dhaifu ukipata funza mmoja tu katika moyo wake huweza kufa. Wataalamu walipopima mavuno waliona kwamba, ingawa funza walinenepa, hasara katika shamba lililotiwa naitrojeni ilikuwa ndogo.

Lakini usiimwage mbolea yote kwa siku moja. Tia kidogo wakati wa kupanda, na iliyobaki uitie mhindi ufikapo magotini.

Mimea ya jamii ya nyasi ina ulinzi mwingine: hunyonya kutoka katika udongo kitu kiitwacho silika, ndugu wa mchanga, na kukiweka katika majani na ngozi ya bua. Ndicho kinachokukata kidole unapovuta jani la nyasi. Kifunza kichanga hupata taabu kutafuna jani lenye silika nyingi, na meno yake huchakaa.

MAJIRANI WA MMEA

Shamba lenye mahindi matupu, mstari baada ya mstari, ni karamu. Nondo akitua popote ametua juu ya chakula cha watoto wake. Ukichanganya maharagwe, kunde au muhogo, mambo hubadilika. Harufu za mimea mingine huchanganyika na harufu ya mahindi na kumpoteza njia. Tena vifunza vichanga vina desturi ya kujishusha kwa uzi mwembamba kama wa buibui ili upepo uvipeleke mmea mwingine. Kifunza kikiangukia mhindi kimepata. Kikiangukia kunde hakiwezi kula, kitakufa. Wazee wetu waliochanganya mazao hawakuwa wavivu kama walivyoambiwa zamani na watu wa kilimo.

Katika miaka ya 1990 wataalamu wa kituo cha utafiti wa wadudu, icipe, huko Mbita Point kando ya Ziwa Viktoria, pamoja na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, waliichukua habari hii na kuiendeleza. Walitafuta mmea ambao nondo anaupenda kuliko mahindi, na mwingine ambao nondo hautaki. Waliuita mpango huo sukuma-vuta.

Mmea wa kuvuta ni nepia, yaani mabingobingo, unaopandwa kuzunguka shamba. Harufu ya majani yake huzidi sana saa ya kwanza ya giza, na hiyo ndiyo saa nondo anapoanza kutafuta mahali pa kutaga. Nondo hutaga katika nepia kwa wingi. Lakini vifunza wakianza kupekecha, nepia hutoa utomvu unaonata kama gundi, ukawashika, na wachache sana hufikia ukubwani. Mama amedanganyika, watoto wamelipa.

Mmea wa kusukuma ni desmodiamu, jamii ya kunde itambaayo, unaopandwa katikati ya mistari ya mahindi. Walioanzisha njia hii waliona kwamba harufu yake huwachukiza nondo. Wengine waliochunguza baadaye wametia mkazo zaidi juu ya majani yake, yaliyojaa vinyweleo vyenye ncha zilizopinda kama ndoana, vinavyonasa na kuwajeruhi viwavi wadogo. Yapitishe majani hayo juu ya mkono wako utaona yanavyong'ang'ania. Kwa mkulima matokeo ni mamoja.

Tena liko jambo ambalo wakulima wa kando ya ziwa walilifurahia kuliko hata habari ya funza. Desmodiamu huua kiduha. Mizizi yake hutoa kitu kinachoziamsha mbegu za kiduha, kisha huzizuia zisishike mizizi ya mahindi, zikafa kwa njaa. Mtu aliyekwisha kuona shamba zima limegeuka zambarau kwa maua ya kiduha, na mahindi yamedumaa chini yake, atajua thamani ya neno hilo. Isitoshe, desmodiamu huongeza naitrojeni katika udongo, hufunika ardhi isikauke, na pamoja na nepia hulisha ng'ombe wa maziwa.

ADUI WA FUNZA

Funza naye ana wanaomwinda. Sisimizi na siafu hula mayai na vifunza, buibui kadhalika. Lakini adui mkubwa ni nyigu mdogo mweusi, mdogo kuliko sisimizi, asiyeuma watu. Huingia katika tundu la funza ndani ya bua na kumchoma mayai yake mwilini. Watoto wa nyigu humla funza kwa ndani angali hai. Baada ya siku chache hutoka kupitia ngozini na kujifuma vifuko vyeupe kama chembe za mchele. Ukipasua bua ukakuta fungu la vifuko vyeupe kando ya funza aliyenyauka, usiviponde. Hao ni vibarua wako, nao hawadai mshahara. Nyigu wa kienyeji walikuwa hawamwezi vema Chilo, mgeni kutoka Asia. Kwa hiyo mwaka 1993 nyigu wa jamii yao kutoka Pakistani waliletwa na kuachiliwa pwani ya Kenya, nao wakaenea.

Yako mahindi ya mbegu za kienyeji ambayo, nondo akiisha kutaga juu yake, hutoa harufu inayowaita nyigu hawa. Ni kama mtu apigaye yowe mwizi akiwa bado mlangoni. Mbegu nyingi zilizokuzwa kwa ajili ya mavuno tu zimepoteza sauti hiyo. Kama nyumbani kwenu iko mbegu ya zamani ya wazee, panda walau kipande kidogo kila mwaka isipotee.

Dawa ya sumu ikinyunyizwa ovyo huua nyigu, sisimizi na buibui kwanza, kwa sababu wao hutembea nje. Funza yumo ndani, salama.

VIWAVIJESHI VAMIZI

Mwaka 2016 mdudu mpya kutoka Marekani alionekana Afrika ya Magharibi, na kufikia 2017 alikuwa katika mashamba yetu. Ni kiwavijeshi vamizi. Huyu hakai sana ndani ya bua bali hujificha katika moyo wa mhindi na kutoa kinyesi kama unga wa mbao. Mengi tuliyoyasema yanamhusu: hupendelea mahindi yaliyochelewa, na mvua kubwa huwaua viwavi wachanga kwa kuwazamisha katika moyo wa mmea. Katika mashamba ya sukuma-vuta Kenya, Uganda na Tanzania, wataalamu waliwakuta wachache kuliko katika mahindi matupu kwa zaidi ya asilimia 80. Mashamba hayo yalikuwa na desmodiamu yenye kustahimili ukame, na kwa mpaka nyasi za brakiaria badala ya nepia. Mahali penye mvua chache, au penye ugonjwa wa kudumaza nepia, uliza habari za nyasi hizo.

UKITAKA KUANZA

Usianze kwa shamba lote. Chukua kipande kidogo, karibu na nyumba, unachoweza kukilinda na mbuzi. Panda nepia kuzunguka kipande hicho mistari mitatu, mstari na mstari sentimita 75, yaani futi mbili na nusu, na shina na shina sentimita 50. Heri nepia itangulie mahindi, ili iwe imesimama nondo wanapotoka. Mahindi nayo yapande kwa mistari ya sentimita 75. Katikati ya mistari chora mfereji mwembamba kwa kijiti, changanya mbegu ya desmodiamu na mchanga laini, kwa kuwa ni ndogo sana, kisha inyunyize na uifunike kidogo tu. Mbegu hii si rahisi kupatikana, na bei yake ni kubwa. Mwenye jirani aliyekwisha kupanda aombe vikonyo vyake, navyo hushika vizuri wakati wa mvua.

Msimu wa kwanza desmodiamu huenda polepole, na wengi hukata tamaa hapo. Palilia wiki ya tatu, na tena wiki ya sita, kwa mkono mahali ilipo. Waonyeshe mapema watoto na vibarua jani lake lilivyo, wasije wakaling'oa wakidhani ni gugu.